Balbu Nyeupe Zaidi Si Yenye Nguvu Zaidi

“Injinia, ipi nyeupe kabisa, ile inayoelekea bluu? Si ndiyo yenye nguvu?” Naulizwa hivyo kwenye maduka ya vifaa vya stima kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela, naulizwa tena mjini Kajiado. Siku hizi swali limeota mkia: je, OLED, yaani LED ya kemikali za kaboni, itakuwa nyeupe kuliko LED ya kawaida?

Weupe si nguvu. Kipande kilichomo ndani ya balbu yako ya LED hutoa mwanga wa bluu, na juu yake pamepakwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya bluu hiyo. Unga ukipungua, bluu nyingi hupenya na mteja hushangilia. Anashangilia nini? Jicho la binadamu huona vyema kijani, karibu na nanomita 555. Kwa bluu ya nanomita 450, uwezo wake ni takriban asilimia 4 tu ya hapo. Ile 6500K kwenye boksi ni rangi, jamani! Haikupi nguvu wala haikupunguzii tokeni. Ni kweli balbu ya 3000K hupoteza kidogo zaidi katika kugeuza rangi, lakini si kiasi cha kugombana na mwenye duka.

Kwa OLED, bluu ndiyo kidonda tangu Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak walipoitangaza ya kwanza yenye ufanisi mwaka 1987. Katika kemikali zake za kawaida, robo tu ya jozi za chaji zinazokutana hutoa mwanga. Zenye metali ya iridiamu huweza kuzitumia zote, ila bluu ya iridiamu huchakaa upesi. Basi wabunifu wakapata njia ya mkato: bluu ya kawaida, pamoja na chungwa ya iridiamu inayookota nishati iliyoishinda bluu. Weupe umepatikana. Lakini unyevu ukiingia, taa imekufa, na kuiziba kabisa ni ghali. Tena huja kama bamba bapa; ukiuziwa “OLED” ya umbo la balbu, irudishe.

Cha kununua leo? Soma lumeni: 800 hushika nafasi ya balbu ya zamani ya wati 60. Zigawanye kwa wati. Chini ya 80, achana nayo. Sebuleni 3000K, dukani 4000K. Kama stima hushuka jioni, chagua inayokubali volti 170. Boma la sola litumie balbu za volti 12, bila inveta ya kula betri. Boksi lisiloandikwa lumeni, liache hapo dukani.