Masizi ya Koroboi: Moshi Mdogo, Joto Kubwa

Fungua mfereji wa tangi jeusi la plastiki saa saba mchana pale Garissa mjini. Yanayotoka ni maji ya moto, na hakuna aliyewasha jiko. Rangi nyeusi imevuta jua asubuhi nzima na kuyapasha. Kila mtu wa Garissa, Wajir na Mandera anajua hiyo, hatuhitaji kufundishwa.

Sasa fikiria vumbi jeusi, laini kuliko unga, likielea hewani kwa wingi na kufanya kazi ileile ya tangi. Hayo ndiyo masizi. Mbona sisi watu wa malipo ya simu tunaongea habari za masizi? Kwa sababu wengi wenu mnayanunua kila jioni bila kujua, na dawa yake inaweza kulipiwa kidogo kidogo kwa simu hiyo uliyoshika.

Masizi yanapashaje dunia joto?

Masizi hutoka pale kitu kinapoungua bila kuungua vizuri: kuni, makaa, dizeli ya lori bovu, mafuta ya taa. Yakiwa hewani yanafyonza mwanga wa jua na kuugeuza joto. Yakitua kwenye theluji au barafu, yanaifanya iwe na rangi ya giza na kuyeyuka haraka zaidi.

Tofauti na hewa ya ukaa ni muda. Sehemu ya hewa ya ukaa inayotoka leo itabaki juu kwa mamia ya miaka. Masizi hukaa siku chache, au wiki moja hivi, kisha mvua huyaosha au yanaanguka yenyewe. Maana yake ni nzuri: ukizima chanzo cha masizi, hewa inaanza kusafika mwezi huohuo, si wakati wa vitukuu.

Wanasayansi bado wanavutana kuhusu ukubwa wa joto hili. Mwaka 2013 utafiti mkubwa wa kimataifa ulisema masizi ni ya pili baada ya hewa ya ukaa. Ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa ilishusha makadirio hayo kwa kiasi kikubwa. Sababu moja ni kwamba moshi una mchanganyiko. Moshi wa kuni, kwa mfano, hubeba pia chembe za rangi nyepesi zinazorudisha jua juu, kwa hiyo upande mmoja unapasha na upande mwingine unapoza.

Kwa nini koroboi?

Hapa ndipo koroboi inashtua. Mwaka 2012 watafiti walipima taa za utambi kama ile ya mkebe tunayoijua sote. Waligundua kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayochomwa humo hugeuka masizi, na ni meusi karibu yote. Hakuna chembe nyepesi za maana za kupunguza makali. Kwa hiyo ukitaka kupunguza masizi, koroboi ni mahali rahisi pa kuanzia.

Lakini tusidanganyane. Koroboi ya mama wa Balambala haikuleta ukame wa 2020 hadi 2023, ule wa misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo na mifugo kufa njiani. Watafiti waliouchunguza mwaka 2023 walisema ongezeko la joto duniani liliufanya uwe na uwezekano wa takriban mara 100 zaidi. Joto hilo kwa sehemu kubwa limetoka kwa viwanda na magari ya nchi tajiri. Sisi hatuna deni hapo.

Faida yako ya kwanza iko ndani ya nyumba. Mtoto anayesoma karibu na utambi anavuta masizi hayo kabla hayajafika angani. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Ukiongeza hatari ya moto na watoto kunywa mafuta wakidhani ni maji, hesabu inajisema.

Jua tunalo, stima je?

Desemba 2019 Garissa ilizinduliwa mtambo wa sola wa zaidi ya megawati 50, mmoja wa mikubwa zaidi Afrika Mashariki. Ila umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Kama nyaya hazifiki kwako, unaziona paneli ukipita barabarani na jioni unawasha koroboi. Kwa nyumba kama hiyo, njia ya karibu ni sola ya nyumbani ya kulipa pole pole.

Piga hesabu kwanza

Huu ni mfano tu, weka bei zako. Tuseme mafuta ya taa ni shilingi 30 kwa siku na kuchaji simu kwa watu ni 20. Jumla 50 kwa siku, yaani 18,250 kwa mwaka. Sola ya mkopo: malipo ya kwanza 2,000, halafu 45 kwa siku kwa siku 365. Jumla 18,425. Mwaka wa kwanza hujaokoa kitu. Faida inaanza mwaka wa pili, sola ikiwa yako na zile 50 zikibaki mfukoni.

Kwa hiyo kabla ya kukubali:

- Uliza bei yote hadi mwisho, usiishie kwa "shilingi 45 tu". Kama taa moja ndogo inakutosha na unaweza kuinunua taslimu, nunua taslimu. Itakuwa nafuu.
- Uliza kitatokea nini ukikosa kulipa. Vifaa vingi vya mkopo hujizima hadi ulipe tena.
- Kama pesa yako inategemea mifugo, usijifunge na malipo ya kila siku. Siku ya soko ukiuza mbuzi, lipia wiki kadhaa mara moja. Uliza kama kampuni inakubali.
- Lipa kwa nambari ya malipo ya kampuni, si kwa simu ya wakala binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka nambari yako ya siri, na usimpe mtu nambari hiyo, hata anayesema ametoka kwetu.
- Usifute ujumbe wa malipo. Kukitokea mzozo, huo ndio ushahidi wako.
- Pata karatasi ya dhamana na ujue fundi wa karibu yuko wapi. Taa ikiharibika ukakosa fundi, utarudi kwa koroboi na deni juu yake.

Jikoni ni hadithi ndefu zaidi. Gesi ni ghali, na kuni zinahitajika chai ikiwa ya watu kumi. Hatutakuambia ubadilishe kila kitu leo. Anza na utambi. Jioni hii, kabla hujamtuma mtoto dukani na chupa ya mafuta, chukua simu na uandike umetumia kiasi gani wiki hii. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja. Ukiiona jumla, uamuzi utakuwa wako, na utakuwa na nambari mkononi.