Kabla ya Kujiunga na Shahada ya Elimu Maalumu

Shahada ya Elimu Maalumu humwandaa mwalimu wa wanafunzi wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, wasioona na wenye usonji. Mhitimu anaweza kufundisha katika shule maalumu au jumuishi, au kuhudumu katika vituo vya kutathmini mahitaji ya wanafunzi. Hata hivyo, shahada hii pekee haimpi idhini ya kutoa tiba ya usemi; hiyo ni taaluma nyingine. Aidha, nchini Kenya sheria inamtaka kila mwalimu asajiliwe na Tume ya Huduma kwa Walimu. Kwa hivyo, kabla ya kulipa karo, tunakushauri uthibitishe kwamba programu imeidhinishwa, kwamba masomo utakayosomea kufundisha yanakubaliwa na Tume hiyo, na iwapo Breli na Lugha ya Ishara hufunzwa. Omba majibu kwa maandishi.