Kamusi ya mtandaoni na kamusi ya kitabu: ipi imfae mwandishi wa Baraka?

Anayeandika hapa Baraka, katika eneo la Fizi, anahudumia lugha mbili: habari ya redio na tangazo la kanisa kwa Kiswahili, barua ya ofisini na ripoti ya shirika kwa Kifaransa. Kila neno analotaka kuhakikisha mtandaoni linakula mega, na simu yenyewe mara nyingi inachajiwa kwa sola. Kwa hiyo, kabla ya kusema kamusi fulani ni ya bure, hesabu kwanza vifurushi vya mwezi mzima.

Kwa Kifaransa tumebahatika. Kamusi ya Trésor de la langue française, iliyochapwa kwa juzuu 16 kati ya 1971 na 1994, inasomwa bila malipo kwenye tovuti ya CNRTL. Kamusi ya Académie française vilevile. Ni za kuaminika kabisa, ila zinadai mtandao kila unapotafuta neno.

Ndiyo maana naitanguliza Kiwix. Programu hii ya bure inakuwezesha kupakua ensaiklopedia ya Wikipedia au kamusi ya Wiktionary nzima mara moja, kisha ukaisoma bila mtandao. Chagua faili lisilo na picha, ni jepesi zaidi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni ndogo sana ikilinganishwa na ya Kifaransa, basi anza nayo. Anayesafiri kwenda Bukavu apakue huko kwenye mtandao mzuri, na wenzake wanakili kwa kadi ya memori bila kutumia hata mega moja. Wakichangia gharama ya kupakua watu watano, kila mmoja atatoa kidogo sana.

Lakini Wikipedia si kamusi. Nayo Google Translate, iliyoingiza Kiswahili mwaka 2009, inasaidia kupata maana ya jumla tu. Kusahihishia andiko siikubali, maana inaweza kukosea ngeli bila kukuonya. Hapo kitabu kinashinda: Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwanza 1981, au Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania) ya 2015. Mwagize mfanyabiashara anayevuka ziwa kwenda Kigoma. Utalipa kitabu na usafiri mara moja, basi. Hata hivyo, Kiswahili chetu cha Fizi kina maneno yasiyomo katika kamusi hizo, na ninawasihi wahariri wasiyafute kwa sababu hiyo pekee. Msikilizaji wa redio wa Mutambala, humuhumu Fizi, anayaelewa.

Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue Kamusi Kuu. Asiyenazo amwombe mwenzake Kiwix.