Utangulizi: Mwana na Mrithi

Huenda umefika hapa na swali zito: mimi ni nani mbele za Mungu? Tangu ubatizo umeambiwa kuwa u mwana wa Mungu, na pengine umelizoea jambo hilo hata halikushtui tena. Waliolisikia kwanza liliwashtua.

Anza na Wagalatia 4. Katika makanisa yale ya Asia Ndogo, watumwa na waungwana walikaa pamoja. Sheria ya Roma haikumtambulia mtumwa baba. Mtoto wa mjakazi alikuwa mali ya bwana wa mamaye. Lakini sheria hiyohiyo ilimruhusu raia kumfanya mtu mwingine mwanawe, mara nyingi mtu mzima, ampe jina na urithi. Ndivyo Kaisari Augusto alivyomfanya Tiberio mwanawe mwaka 4 B.K., Tiberio akiwa na miaka 44, naye akaja kurithi dola. Sasa mtume Paulo anawaandikia watu, wengine wao wasio na ukoo wa kutajwa, kwamba si watumwa tena bali wana, na kama ni wana basi ni warithi.

Tunapotaja mtoto wa Mungu, wengi wetu tunamwona mtoto mdogo mikononi mwa mzazi. Picha hiyo ina faraja yake. Paulo hapa anakwenda kwingine: mrithi angali mdogo, asema, hana tofauti na mtumwa, kwa kuwa yuko chini ya walezi. Uwana anaouhubiri ni wa aliyekwisha kukabidhiwa nyumba.

Tofauti hiyo kati ya mtoto aliye chini ya walezi na mrithi, watu waliiishi hapa pwani kwetu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha Wakristo waliokombolewa utumwani, wengi wakiwa watoto waliotekwa mbali na koo zao. Walifundishwa kwamba Mungu ni Baba yao. Hata hivyo, mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005, anaonyesha jinsi misheni ilivyoyapanga maisha yao, na jinsi baadhi yao walivyolalamika na hata kutoroka. Mimi nawahesabu watu hao kuwa wafasiri wa Wagalatia, ingawa hawakuacha vitabu: walidai urithi, wakakataa ulezi usiokoma.

Kutoka hapo nenda kwa padre Mtanzania Charles Nyamiti, ambaye mwaka 1984 alimweleza Kristo kuwa Mhenga wetu, tena mhenga aliye ndugu. Kwake, sisi ni wana kwa sababu Mwana ametufanya nduguze. Wapo wanaoona fikra hiyo inazifunika tofauti kati ya Kristo na wahenga wetu. Msome mwenyewe kabla ya kuwasikiliza.

Ukisumbuliwa na moyo usiohisi kitu, fungua Warumi 8 taratibu. Angalia jinsi Paulo anavyosema “sisi”, na jinsi anavyoutaja urithi pamoja na mateso katika mstari uleule wa 17.