Bei ya Mchezaji Si Ushahidi wa Uwezo Wake

Kila uongozi, uwe wa kiwanda, wa shule au wa timu ya mpira, hufikiwa na siku ya kumchagua mtu ambaye bado hajajaribiwa. Siku hiyo haiepukiki, kwani wazoefu nao huzeeka, huumia au huondoka. Lililo muhimu ni kujua namna ya kumjaribu huyo mpya, na kuwa na moyo wa kulipokea jibu hata lisipotupendeza.

Leo twapenda kulitazama jambo hili kwa mfano wa timu ya San Francisco 49ers ya Marekani, iliyokumbwa na mtihani huo kati ya mwaka 2021 na 2023. Mchezo wenyewe ni ule wa mpira wenye umbo la yai, unaochezwa zaidi kwa mikono. Katika mchezo huo yupo mchezaji aitwaye kwotabaki. Ndiye apokeaye mpira mwanzoni mwa kila shambulio, naye huamua mara moja ama aurushe kwa mwenzake aliye mbele, ama amkabidhi mwingine akimbie nao, ama akimbie nao mwenyewe. Timu yenye walinzi hodari lakini isiyo na kwotabaki wa kufaa ni sawa na jahazi zuri lisilo na nahodha.

Kila mwaka timu za huko huteua kwa zamu vijana watokao vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya zaidi hutangulia, na mabingwa hungoja mwisho wa duru. Lakini zamu hizo hubadilishwa kama bidhaa sokoni. Mwezi Machi 2021 San Francisco ilikuwa na zamu ya 12. Iliitoa kwa Miami Dolphins, ikaongeza zamu zake za duru ya kwanza za mwaka 2022 na 2023, pamoja na moja ya duru ya tatu, ili ipate zamu ya 3. Mwezi uliofuata ikamteua Trey Lance, kijana wa miaka 20 kutoka chuo kikuu cha North Dakota State.

Kijana huyo alikuwa na mbio na mkono wenye nguvu, na katika msimu wa 2019 hakurusha hata mpira mmoja ukanaswa na wapinzani. Hata hivyo, msimu huo mmoja ndio uliokuwa karibu ushahidi wote juu yake. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, alicheza mchezo mmoja tu.

Mwaka wake wa kwanza Lance alikaa nyuma ya Jimmy Garoppolo, akaanza michezo miwili tu. Mwaka 2022 akakabidhiwa usukani, lakini katika mchezo wa pili, tarehe 18 Septemba, akavunjika kifundo cha mguu. Garoppolo akarejeshwa, naye tarehe 4 Desemba akavunjika mfupa wa wayo. Ndipo ilipobidi aingizwe Brock Purdy, ambaye katika uteuzi wa mwaka ule alikuwa wa 262 kati ya vijana 262. Mtu wa mwisho kuteuliwa Wamarekani humpa jina la utani ambalo maana yake ni Bwana Asiyehusika.

Wahenga walisema akiba haiozi. Siku ile timu ilishinda 33 kwa 17. Wiki iliyofuata Purdy akaifunga Tampa Bay ya Tom Brady 35 kwa 7. Alishinda michezo yote mitano aliyoianza katika ligi, na miwili ya mtoano, hadi tarehe 29 Januari 2023 alipoumia kiwiko huko Philadelphia na timu yake ikalala 31 kwa 7.

Hapo uongozi ukajikuta njia panda. Lance alikuwa ameanza michezo minne tu katika miaka miwili. Purdy alikuwa amepasuliwa mkono mwezi Machi. Sam Darnold, aliyesajiliwa mwezi huo huo, naye aliwahi kuteuliwa wa 3 mwaka 2018, lakini hakung'ara New York wala Carolina. Hakuna aliyeweza kuapa kuwa mmoja wao angefaa.

Kishawishi kilikuwa kikubwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na viongozi wa timu ndio waliomnunua Lance kwa gharama ile. Mkataba wake wa miaka minne ulizidi dola milioni 34, ilhali Purdy hakufikisha milioni moja kwa mwaka. Kumweka Lance kungewasitiri wakubwa na aibu. Lakini meneja John Lynch na kocha Kyle Shanahan walimchagua Purdy, na mwezi Agosti 2023 wakamwachia Lance kwenda Dallas kwa zamu moja tu ya duru ya nne. Huko ndiko kujikosoa mbele ya watu, na ni wachache wanaokuweza. Purdy aliifikisha timu fainali tarehe 11 Februari 2024, ikashindwa na Kansas City 25 kwa 22 baada ya muda wa nyongeza.

Hata hivyo, tusiwapambe viongozi hao kupita kiasi. Hawakumgundua Purdy kwa busara. Walimgundua kwa ajali mbili. Kama Lance na Garoppolo wangebaki wazima, huenda kijana huyo angali akikaa benchi na jina lake la utani. Tena alikuwa amecheza miaka minne katika chuo kikuu cha Iowa State, ushahidi mwingi kuliko wa yule aliyenunuliwa kwa bei kubwa, lakini wateuzi walimpita mara 261.

Wala si haki kusema kuwa Lance alishindwa. Mtu aliyeanza michezo minne hakushindwa, hakujaribiwa. Waliomlipia sana ndio waliokuwa na wajibu wa kumpa kazi na muda. Na aliyekataliwa pahala pamoja asihesabiwe amekwisha. Darnold mwaka 2024 aliiongoza Minnesota kushinda michezo 14 kati ya 17.

Mwalimu wa chuo hampi mtoto daraja kwa weupe wa kanzu yake. Humwambia, "Soma," kisha humsikiliza. Nasi tuliopewa dhamana ya kuchagua watu, katika timu na katika kazi, yatupasa kufanya vivyo hivyo. Tuwape nafasi wa akiba kabla ajali haijatulazimisha. Tuwapime wote kwa kipimo kimoja, yule wa bei na yule wa bure. Na jibu likija kinyume cha matumaini yetu, tulitangaze wenyewe, kwa maana kosa lililofichwa hulipiwa mara mbili, na mara ya pili hulipa timu nzima.