Kupiga Picha Magofu ya Gede Wakati wa Ukungu

Wasomaji wengi wamesikia habari za Gede, mji wa kale uliomo msituni, mwendo wa kilometa 15 hivi kusini ya Malindi. Ulikuwa na nyumba za mawe ya matumbawe, msikiti mkubwa, jumba la mtawala na visima. Nao watu wake waliuhama mwanzoni mwa karne ya 17. La ajabu ni kwamba Wareno walikaa Malindi miaka mingi, wala hawakuutaja mji huu katika maandiko yao. John Kirk aliufikia mwaka 1884, na James Kirkman akaanza kuufukua mwaka 1948. Kwa hiyo habari zake nyingi zimo katika mawe yenyewe, na mawe hayo hupasuliwa na mizizi ya miti. Ndiyo maana picha ya ukuta ina thamani ya hati.

Walakini si kila picha ni hati. Safari yangu ya kwanza nalifika alfajiri, ukungu umetanda katikati ya miti, nikapiga picha kumi zilizosifiwa na kila mtu. Naliporudi mwaka wa pili naliona mzizi umeingia katika ufa wa ukuta mmoja. Je, ufa umepanuka? Picha zangu hazikunijibu, kwa kuwa hata moja haikuwa na kipimo.

Basi apigaye picha na asimamishe karibu na ukuta fimbo yenye alama za sentimeta, asimame mahali pale pale kila mara, na aandike tarehe na upande aliotazama. Ukungu wenyewe si adui. Huutawanya mwanga, hata mawe yakaonekana sawasawa pasipo vivuli vya majani. Na kuta za mbali hufifia, mtazamaji akajua ipi iko mbele na ipi nyuma. Ila weupe wake huidanganya kamera, picha ikatoka ya giza. Yafaa kuiongezea mwanga, na kuiweka juu ya miguu mitatu isitikisike.

Kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, usilipige katika ukungu. Maandishi yake yamechorwa katika lipu ya chokaa, nayo hayasomeki vizuri pasipo kivuli. Umulike taa kutoka ubavuni. Usiyapake chaki ili yaonekane, maana ukiifuta chaki waweza kubandua na lipu.