Mtoto apimwe kutoka alipoanzia

MWAKA 1987, nikiwa na umri wa miaka saba, nilivuka mpaka wa Malaba nikiwa nimeshika sketi ya mama. Vita na wizi wa mifugo vilikuwa vimetufukuza kwetu Kumi, katika eneo la Teso. Tulipofika Bungoma, upande wa Kenya, baba alipanga chumba kimoja na kunipeleka shuleni.

Mwalimu mkuu alinipima kwa maswali ya Kiswahili. Sikujua hata neno moja. Nilijua kujumlisha na kutoa, maana nilizoea kuhesabu ng'ombe wa baba kila jioni, lakini hakuna aliyeniuliza hesabu. Nikapelekwa chekechea, nikakaa mwaka mzima na watoto wa miaka minne.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu waliosomea ugenini wanaijua aibu hiyo. Nilidhani nimeisahau, hadi nilipoketi na dada yangu mdogo katika chumba cha mazoezi ya viungo mjini Mbale, mwanawe akipimwa.

Homa ya wiki ya tatu

Dada yangu huuza mayai na nyanya Malaba. Mwanawe alizaliwa salama. Alipofika wiki ya tatu alishikwa na homa na degedege. Homa ilipoa, lakini kufikia mwezi wa tatu kichwa kilikuwa kimeanza kukua kupita kiasi, na macho yake yakawa yanaelekea chini, mithili ya jua linalotua. Majirani walisema amerogwa. Miezi miwili ikapotea katika kutafuta dawa za kienyeji.

Ugonjwa huo ni kichwa maji. Maji yaliyomo ndani ya ubongo hushindwa kupita njia yake ya kawaida, yakajikusanya. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa hutanuka huku ubongo ukibanwa. Katika sehemu hii ya Uganda, zaidi ya nusu ya watoto waliochunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliupata baada ya maambukizi, wengi wao wakiwa bado wachanga kabisa.

Bahati yetu ni kwamba Mbale ina hospitali ya watoto ya CURE, inayojulikana duniani kwa upasuaji huo. Daktari Mmarekani Benjamin Warf alifika huko mwaka 2000. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kuingiza mrija unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Lakini mrija huziba au kupata uchafu, na mama anayeishi mbali hana pa kukimbilia usiku wa manane. Warf na wenzake walitumia kamera nyembamba kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, kisha wakachoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Walichapisha matokeo ya njia hiyo mwaka 2005.

Mpwa wangu alifanyiwa upasuaji huko akiwa na miezi mitano. Kichwa kikaacha kutanuka. Tukamshukuru Mungu, tukadhani safari imeisha.

Kupona ni jambo moja, kukua ni jingine

Safari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na madaktari wa Mbale wenyewe walilijua hilo. Mwaka 2017, matokeo ya utafiti uliofanyiwa hospitalini humo yalichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Watoto 100 wenye umri chini ya miezi sita waligawanywa kwa kura: baadhi wakatiwa mrija, wengine wakafanyiwa upasuaji wa kamera. Swali kuu la utafiti halikuwa ukubwa wa kichwa. Liliuliza iwapo, baada ya mwaka mmoja, mtoto anaelewa na kujifunza kama wenzake.

Kipimo kilichotumika huitwa Bayley. Katika kipimo hicho, mtoto wa kawaida hupata alama zinazokaribia 10. Alama ya katikati ya waliofanyiwa upasuaji wa kamera ilikuwa 4, na ya waliotiwa mrija ilikuwa 2. Wataalamu walisema tofauti hiyo haitoshi kusema njia moja imeishinda nyingine.

Mimi nilijifunza jambo jingine katika namba hizo. Mtoto anaweza kuandikwa amepona hospitalini, na bado akawa nyuma sana nyumbani. Ndiyo sababu zipo huduma za mapema: mazoezi ya viungo, mafunzo ya kulisha, kuongea na kucheza, katika miaka michache ya kwanza ambapo ubongo ungali laini na uko tayari kujifunza. Huduma hizo nazo sharti zipimwe, ama sivyo hatutajua zinasaidia au zinapoteza nauli za akina mama.

Sifuri mbili

Mpwa wangu aliandikishwa katika mpango mmoja wa aina hiyo. Sitautaja jina, kwa kuwa waliohudumu pale walikuwa wapole na wenye kujituma. Kasoro ilikuwa katika fomu yao.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Je, anapanda ngazi akishikwa mkono? Nyumba ya dada yangu haina ngazi. Je, anapanga vipande vya mbao kimoja juu ya kingine? Hajawahi kuviona. Je, anataja picha kitabuni? Hakuna kitabu. Mhudumu aliandika sifuri kila mahali. Baada ya miezi sita wakarudia fomu ile ile, ikaja sifuri tena. Chini kabisa akaandika: hakuna mabadiliko.

Katika miezi hiyo sita mtoto alikuwa ameanza kuinua kichwa. Alikuwa anamgeukia mama yake akisikia sauti. Alikuwa ameacha kupaliwa kila anapokunywa uji. Fomu haikuwa na mahali pa kuyaandika hayo.

Tulipotoka nje dada yangu aliniuliza, "Kaka, wewe ni mwalimu. Ukimwandikia mtoto sifuri mara mbili, mzazi wake asome nini?"

Sikuwa na jibu. Kila safari ya Mbale ilimgharimu siku mbili za biashara, pamoja na nauli ya kupitia Tororo. Akapiga hesabu za mfanyabiashara: natoa, sipati. Akaacha kwenda. Baada ya miezi mitano miguu ya mtoto ilikuwa imekakamaa kiasi kwamba kumvalisha suruali ilikuwa kazi ya watu wawili.

Daftari la Jinja

Shule zilipofungwa niliwachukua wote wawili, nikawaleta kwangu Jinja, ninakofundisha. Mama mmoja anayefanya kazi ya kuwatembelea watoto wenye ulemavu majumbani akaja kutuona. Hakuja na fomu. Alikaa kwenye mkeka, akamwomba dada yangu amweleze siku yake tangu alfajiri hadi usiku.

Kumlisha mtoto kunachukua muda gani? Saa moja na nusu, kila mlo. Anakohoa mara ngapi? Nani humshika ukienda sokoni? Hakuna. Ndiyo maana biashara imelala.

Ndipo akatoa daftari la kawaida la shule, akaandika tarehe na hali ilivyo siku hiyo. Wakakubaliana juu ya mambo matatu tu ya miezi mitatu ijayo: mtoto ashikilie kichwa wakati wa kula, mlo usizidi dakika arobaini, na aweze kuketi kwenye kiti cha kumwegemeza ili mama yake apate mikono miwili. Fundi seremala wa mtaani alitengeneza kiti hicho kwa mbao, kwa kufuata vipimo vya mtoto.

Miezi mitatu ilipokwisha, mlo ulikuwa dakika arobaini na tano. Mama yule hakuandika kwamba lengo limetimia. Aliandika dakika arobaini na tano, kisha akatuonyesha saa moja na nusu iliyo kwenye ukurasa wa kwanza. Dada yangu aliziangalia kurasa hizo mbili kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata alirudi Malaba, akafungua kibanda.

Iganga na Mayuge

Baadaye niligundua kwamba mama yule hakuwa anabahatisha. Mashariki mwa Jinja, katika wilaya za Iganga na Mayuge, watafiti wa Uganda na Sweden waliwachunguza watoto zaidi ya 31,000 mwaka 2015, wakitafuta wenye mtindio wa ubongo. Walikuta takriban watoto watatu katika kila 1,000. Walikuta pia kwamba idadi hiyo ilikuwa ndogo zaidi miongoni mwa watoto wakubwa.

Walikwenda wapi? Ripoti iliyotolewa mwaka 2020 ilijibu. Kati ya watoto 97 waliofuatiliwa kwa takriban miaka minne, 15 walifariki. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara 25 ya watoto wengine wa eneo hilo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye ulemavu mkubwa na wenye utapiamlo mkali.

Kwa hiyo dakika za kulisha si jambo dogo. Mtoto anayeshiba ni mtoto anayeishi. Fomu inayouliza habari za ngazi na kuacha uji imeruka swali la kwanza.

Wataalamu wetu wameanza kurekebisha hali hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Uganda walichapisha toleo la kwetu la kipimo cha Kimarekani kinachoangalia shughuli za kila siku za mtoto. Yasiyofanana na maisha ya hapa yalibadilishwa. Malawi ilikuwa na kipimo chake tangu mwaka 2010, chenye sehemu nne: viungo vikubwa, mikono, lugha, na kuishi na watu. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, mtafiti Amina Abubakar na wenzake walichapisha chao mwaka 2008, kwa kutumia vifaa vinavyopatikana vijijini.

Huko Marekani, programu za serikali za watoto wadogo wenye ulemavu hutakiwa kueleza mambo matatu: mtoto anahusianaje na watu, anajifunza na kutumia nini, na anafanya nini kutimiza mahitaji yake. Hata mama wa Malaba anaweza kujibu maswali hayo bila kuona ngazi.

Daftari peke yake halitoshi

Nisieleweke vibaya. Sisemi vipimo vya kitaalamu vitupwe, kila mzazi ajipimie. Serikali haiwezi kupanga bajeti kwa madaftari ya nyumbani, na bila kipimo kimoja hatuwezi kujua kama watoto wa Mbale wanaendelea vizuri kuliko wa Jinja. Vyote viwili vinahitajika.

Wala kipimo kisidanganye. Watoto wenye mtindio wa ubongo hugawanywa katika madaraja matano, kuanzia wanaotembea bila msaada hadi wanaohitaji msaada kwa kila jambo. Wa daraja la tano kuna uwezekano mkubwa hatatembea, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo kwa upole. Lakini mpango unaohesabu kutembea peke yake utaishia kuchagua watoto wenye ulemavu mdogo, ili namba zipendeze. Wale wazito, ndio wanaokufa, watabaki nje ya mlango.

Tena, idadi ya viti vya magurudumu vilivyogawanywa au ya akina mama waliohudhuria haituambii mtoto amebadilikaje. Mimi nikihesabu vitabu nilivyogawa darasani, sijajua nani ameweza kusoma.

Kwa ndugu zangu mnaovuka Malaba, Busia na Lwakhakha kila wiki, nina ushauri mfupi. Mtoto akianza huduma, ombeni hali yake ya siku ya kwanza iandikwe. Ulizeni nini kinatarajiwa baada ya miezi mitatu. Waambieni wahudumu ni jambo gani lingewapunguzia mzigo nyumbani, liwekwe kati ya malengo. Na daftari libaki mkononi mwenu, kwa sababu faili la Mbale halitawafuata Bungoma, wala la Bungoma halitarudi Mbale.

Mpwa wangu sasa ana miaka minne. Hatembei. Huketi kwenye kiti chake cha mbao kando ya trei za mayai, na mteja akipita humwita kwa sauti ambayo wateja wamekwisha kuizoea. Daftari lake la pili limeanza.

Nami huku Jinja, akija mtoto mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, humpa kwanza vijiti ahesabu, kwa lugha yoyote aliyo nayo. Kiswahili tutafundishana baadaye.